Chemchemi Iliyofagiliwa

Kinyaa nilizaliwa nacho. Wengine huzaliwa na kigugumizi, mimi nilizaliwa na pua. Nyumbani kwetu Kanazi ndugu zangu walinitania kwamba itabidi niolewe na malaika, maana mwanamume yeyote anayetoka jasho nitamrudisha kwao. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, sikuinywa kwa sababu nilijua ni miguu ya nani iliyokanyaga zile ndizi, na niliijua miguu yenyewe. Senene sikuwala mpaka niwe nimewanyonyoa mabawa kwa mkono wangu. Shangazi yangu, aliyesoma kwa masista Kashozi, ndiye aliyenimaliza kabisa: alinifundisha kuchemsha kila kitu kinachochemka na kusugua kila kisichochemka. Mpaka leo hunusa kikombe kabla ya kukinywea, hata nikiwa ugenini, na watu huniona nina dharau.

Niliolewa upande wa Muleba, miaka ile ya ujamaa, wakati hata kuku wa jirani aliweza kuzungumziwa kama mali ya umma. Mume wangu alifanya kazi mjini Bukoba na kuja nyumbani mara mojamoja, kwa hiyo katika kile kibanja, shamba la migomba lenye nyumba katikati, tulikuwa wawili, mimi na mama yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye usafi wa kushinda hata wa shangazi. Uwanja wake ulifagiliwa kabla ya jua kutoka. Mtu akitema mate mbele yake alimwangalia mpaka mtu huyo ayafukie. Nilimpenda kwa hilo kabla sijampenda kwa jambo lingine lolote.

Tuligombana kwa mara ya kwanza juu ya maji. Alinituma chemchemini, bondeni chini ya vibanja, mahali penye mafunjo marefu yaliyofungamana mpaka mchana ukawa kama magharibi. Maji yalitoka chini ya jiwe, yakakaa kidogo kwenye kishimo, kisha yakapotelea kwenye mizizi. Nilichota, nikarudi, na nilipoyamimina mtungini nikaona kitu kinatembea ndani. Kidudu chembamba cha rangi ya tope, kina miguu sita, na mkiani kina vijani vitatu kama unyoya uliochanika. Mwili ulinisisimka. Nikamwaga mtungi wote migombani.

"Umemwaga maji mazuri," mama mkwe aliniambia kwa Kihaya. Alizungumza Kihaya tu, na Kiswahili alikiacha kwa wale aliowaita watu wa mikutano.

"Yalikuwa na mdudu, mama."

"Ndiyo. Asipokuwepo yeye ndipo umwage."

Kesho yake alinipeleka mwenyewe bondeni akanionyesha. Yule kidudu wa tope ni mtoto wa kereng'ende. Si wale kereng'ende wakubwa wanaotua wametandaza mabawa. Hawa ni wale wembamba kama sindano, ambao wakitua hukunja mabawa juu ya mgongo, na wakiruka huruka kwa kusitasita. Pale chemchemini, ndani kabisa kwenye kivuli cha mafunjo, walikaa weusi wenye ncha ya mkia ya rangi ya machungwa. Ukitikisa funjo moja walihamia jingine bila haraka. Mama mkwe alisema aliwakuta alipoletwa pale bibi harusi, na mama mkwe wake naye aliwakuta. Maji yao hayajawahi kumuumiza mtu tumbo.

Sikumwamini siku ile. Nilimwamini nilipopata mimba.

Mimba ya binti yangu ilinifanya niichukie dunia nzima. Harufu ya ndizi zikichemka ilinitoa nje. Kahawa iliyoanikwa uani, moshi, sabuni, kichwa cha mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi, vyote vilinitia kichefuchefu. Nilipungua mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni. Maji ya kisima cha shule niliyatapika, ya mvua niliyatapika, na yale niliyoyachemsha kwa kanuni za shangazi nilitapika pamoja na kumbukumbu ya shangazi. Kitu kimoja tu kilishuka na kukaa: maji ya chemchemi, mabichi, kutoka kwenye kata. Mama mkwe aliyaleta mwenyewe kila asubuhi na kunisimamia mpaka niyamalize. Katika kibanja kile hatukuwa na wasiwasi mwingine. Maji yakiwepo, mtoto atakuwepo.

Ndipo kijiji kikaamua kukausha bonde.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema. Nikimkumbuka natamani angekuwa mbaya, ingenipunguzia kazi. Alikuwa mcheshi, hakuchukua cha mtu, na alilima zaidi ya wale aliowahimiza kulima. Kwenye mkutano alieleza kwamba rweya yote, ile mbuga ya majani inayotuzunguka, ni udongo wa njaa, haustawishi kitu ila majani ya kutandika, wakati bondeni kuna udongo mweusi umelala bure chini ya mafunjo. Bwana shamba alikwisha kuchomeka vijiti. Mtaro utapasua bonde katikati, maji yatakimbilia mtoni, na shamba la ujamaa litakuwa na kabeji za kulisha shule na hospitali. Watu walipiga makofi. Hakuna kati yetu aliyependa kabeji.

Mama mkwe alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema Kiswahili.

"Na chemchemi?"

"Maji hayaendi popote, mama," mwenyekiti alijibu kwa upole. "Yatapita mtaroni. Utachota umesimama wima, bila kuinama kwenye giza lile la nyoka."

"Mtaroni watapita na ng'ombe."

"Mchagua jembe si mkulima, mama yetu." Watu wakacheka, naye akakaa.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima, kabla mimba haijanizidi. Miezi michache nyuma tulikuwa tumeitwa semina mjini Bukoba, na mwalimu mmoja wa baiolojia wa shule ya sekondari alikuja kutueleza juu ya kichocho na mbu. Alikuwa kijana wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu, na mambo ya wadudu yalimfanya asahau chakula cha mchana. Baada ya somo nilimuuliza juu ya kereng'ende wembamba. Uso wake uliwaka. Aliniambia wapo wa namna nyingi. Wapo walioenea Afrika yote, wanaotaga hata kwenye dimbwi la gereji, na wapo wanaong'ang'ania bonde moja, bonde likifa nao wamekwisha. Hao wa bonde moja, alisema, mahali pengine watu huwaachia bonde lao.

Nilimweleza mama mkwe maneno haya, naye akayashika kama mtu aliyeokota ufunguo. Alinipeleka nyumbani kwa mwenyekiti siku hiyohiyo, mimi nikitembea huku nimeziba pua kwa kanga, akaniamuru nirudie yote.

Mwenyekiti alisikiliza. Alipenda elimu, hilo siwezi kumnyima.

"Basi tumwite mwalimu huyo," alisema. "Akisema wadudu wenu hawako kwingine, mtaro tutaupindisha uikwepe chemchemi na mafunjo yake. Naandika hivyo kwenye kumbukumbu za kijiji. Lakini akisema wako kila mahali, mama, utanyamaza?"

"Nitanyamaza," alisema mama mkwe.

Nilipanda basi kwenda Bukoba kumleta. Safari ile sitaki kuieleza sana. Palikuwa na mbuzi, palikuwa na samaki wa jana, na dirisha langu halikufunguka. Nililala mjini kwa mume wangu nikiwa mgonjwa, na kesho yake tuliondoka na mwalimu, yeye na buti zake za mpira na wavu mweupe wenye mpini. Njia nzima alinieleza jinsi ya kuwatambua, mimi nikimweleza weusi wetu wenye ncha ya machungwa. Alisema hawezi kuahidi kitu mpaka amwone. Lakini aliuliza mara mbili kama nina hakika wanakaa kivulini, na alivyouliza mara ya pili nilipata tumaini.

Sasa, mtu wa kwetu atakuwa ameshaelewa kilichotokea nyuma yangu, na mtu wa mbali inabidi nimweleze. Kwetu mgeni hapokelewi hivihivi. Nyumba haijawa nyumba ya kupokea mtu mpaka majani ya zamani yatolewe sakafuni na kutandikwa mapya, mateketeke, yaliyokatwa rweya na kupangwa yakalala upande mmoja. Uwanja unafagiliwa. Njia inaparuliwa kuanzia barabarani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu wa pwani, lakini sisi mwenyeji hufa kwanza kwa kazi. Na huyu hakuwa mgeni wa nyumba. Alikuwa mgeni wa chemchemi.

Tulipoteremka bondeni nilidhani tumekosea njia. Palikuwa na mwanga. Mafunjo yote kuzunguka chemchemi yalikuwa yamekatwa na kubebwa, visiki vyake vimesawazishwa. Kishimo kilikuwa kimepanuliwa, kimezolewa majani yaliyooza na kila kilichokuwa kikitembea ndani, na kingo zake zimesiribwa kwa udongo laini kama ukuta wa nyumba mpya. Jiwe lilikuwa limesuguliwa. Kutoka njiani mpaka majini yalitandikwa majani mapya, ili mgeni asikanyage tope. Pembeni walisimama wanawake wa kijiji na kanga zao za Jumapili, na mbele yao mama mkwe, mikono imechubuka, ametabasamu kwa meno yote aliyobakiza.

"Karibu, waitu," alimwambia mwalimu kwa neno letu la heshima. "Tazama."

Nimekwisha kuona mambo mengi ya kuchukiza maishani. Nimemwogesha maiti, nimeishi karibu na machinjio. Hakuna kilichonitia kichefuchefu kama kile kisima kisafi. Kilimetameta. Kilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Nilitembea nikaenda nyuma ya mgomba, nikatapika, na wanawake wakatazamana kwa huruma wakidhani ni mtoto.

Mwalimu alisimama ameshika wavu wake. Alikuwa na adabu ya kwao. Alivua kofia, akamshukuru mama mkwe kwa kazi kubwa, kisha akaingia majini taratibu. Alitafuta upande huu na ule. Alikwenda juu hadi mafunjo yalipobaki machache, lakini huko hapakuwa na maji ya wazi. Alikaa kwenye jua mchana kucha, na wanawake walikaa naye, kwa sababu mgeni haachwi peke yake.

Alasiri kereng'ende wakaja. Kwanza mmoja, kisha watano, kisha wengi. Wadogo, kijanikibichi ubavuni, mgongo mweusi, na karibu na ncha ya mkia kipande cha buluu kama kilichopakwa wino. Walitua kwenye udongo mpya uliosiribwa na kwenye majani yaliyotandikwa. Walionekana wamefika nyumbani. Wanawake walipiga vigelegele.

Mwalimu alimnasa mmoja, akamwangalia, akamwachia. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kufika, na bwana shamba pamoja naye.

"Eti, mwalimu. Ni huyu?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiye niliyemwona hapa."

"Yuko kwingine?"

Mwalimu alinitazama mimi. Najua alitaka niseme kitu, nami nikasema. Nilisema yuko mwingine, mweusi, wa kivulini, ambaye hawezi kuja kwenye mwanga huu. Bwana shamba akauliza kwa heshima kama huyo mwingine tunaweza kumwona.

"Siwezi kuandika nisichokiona," mwalimu alisema polepole. "Huyu mwenye mkia wa buluu ameenea. Senegali yuko, Rasi ya Afrika Kusini yuko, Misri yuko, Uhindi yuko. Anapenda mahali palipo wazi, palipochimbwa, hata maji yakichafuka, si kuvumilia tu, hustawi. Huyu hana wasiwasi wowote. Yuko kila mahali."

Na alikuwa sahihi. Ndiyo maana nilimchukia.

Mwenyekiti hakushangilia. Alimgeukia mama mkwe, akamwambia kwa Kihaya, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kwamba mwalimu amesema wapo kila mahali. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akasema mgeni asicheleweshwe, chakula kinapoa.

Alimpa ndizi na samaki, akampa na kahawa ya kutafuna kwenye kisahani kidogo. Mwalimu alikula vizuri, akashukuru sana, akasindikizwa mpaka kwa mwenyekiti alikolala. Tulipobaki wawili mama mkwe alianza kukusanya vyombo.

"Mgeni amefurahi?" aliniuliza.

"Amefurahi, mama."

"Alipaona palivyo pasafi?"

"Alipaona."

Hakuuliza zaidi. Alinyamaza, kama alivyoahidi.

Mtaro ulichimbwa na watu wote, kwa ngoma. Mwenyekiti alichimba mbele. Jiwe la chemchemi lilivingirishwa kando, na maji yakatoka yakitawanyika kwenye tope. Hayakuisha, hilo ni kweli, alituambia ukweli. Yalipita mtaroni na ng'ombe wakapita humo, na bata, na watoto wenye vidonda miguuni. Miezi ile ya mwisho ya mimba niliyanywa yamechujwa kwa kitambaa na kuchemshwa mara mbili, nikayatapika, nikanywa tena. Mama mkwe alinishikia kichwa. Binti yangu alizaliwa mdogo kama paka, na wiki nyingi hatukujua kama atakaa.

Alikaa. Kabeji ndizo hazikukaa. Zilistawi ajabu, kubwa kama vichwa vya ng'ombe, na lori la kuzichukua halikuja. Tulizila mpaka tukachoka, nguruwe wakazila mpaka wakachoka, kisha zikaoza pale pale bondeni, shamba zima. Kama hujanusa shamba zima la kabeji zilizooza kwenye maji ya mvua, sitakueleza, kwa sababu hutanirudishia heshima yangu. Harufu ilipanda mpaka kwenye vibanja ikaingia kwenye nguo za kanisani. Padre mgeni aliuliza kama kuna msiba. Na juu ya ule uozo, kwenye kila kidimbwi, mkia wa buluu, mkia wa buluu, mkia wa buluu.

Siku hizi naishi Kahororo, mjini Bukoba, na bomba langu. Binti yangu, aliyenyweshwa tope kabla ya kuzaliwa, ni mtu mzima mwenye nywele nyeupe mbili tatu, na mwaka jana nilimwomba anitafutie kwenye simu habari za kereng'ende yule. Alinionyesha ramani. Afrika imepakwa rangi karibu yote, rangi ikavuka Uarabuni, Uhindi, ikafika mpaka Japani. Chini yake wataalamu wameandika daraja lake, na binti yangu akanitafsiria kwamba maana yake ni kiumbe asiye wa kutia wasiwasi. Nilimwambia azime. Yumo kwenye mfereji nyuma ya nyumba yetu, kwenye povu la sabuni na maganda ya ndizi, anataga mayai. Sihitaji ramani.

Yule mweusi tulipomtafuta hatukumpata, kwa sababu hatukujua jina lake. Huenda naye ameenea kote, huenda kila bonde la Muleba lilikuwa naye na mimi nimebeba kinyongo cha bure. Sijui. Wakipima ueneaji wa kiumbe huandika pale walipomwona, na pale kwetu walikuta tumeshafagia.

Mama mkwe alifariki msimu mmoja wa mvua za masika, binti yangu akiwa ameanza kusoma. Aliugua kifua kwa muda mfupi. Watu walikuja kumwona, kwa hiyo asubuhi ile nilifanya kama alivyonifundisha: nilitoa majani ya zamani, nikatandika mapya, yakalala upande mmoja. Akaomba maji. Nilimpa ya mtaroni, nimeyachuja, nimeyachemsha, nimeyapoza mtungini mpaka yakawa maangavu, kwa maana sikuwa na mengine.

Aliyaweka mdomoni, akakaa nayo. Kisha yule mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akitema mate maishani mwake aligeuza kichwa, akayatema yote kwenye majani mapya.

"Nilipasafisha mno pale bondeni," alisema.

Nilishika mkono wake. Yeye alikuwa anatazama sakafu, jinsi majani yalivyopangwa vizuri, mateketeke, mapya. Akaniuliza mgeni ni nani.